Nguvu Inayomlinda Mchezaji: Mazoezi ya Uzito, Paja la Nyuma na Vijana wa Manyovu

Jeraha linaloongoza kwa kumtoa mchezaji wa kulipwa uwanjani ni kuchanika kwa misuli ya paja la nyuma. Uchunguzi wa miaka mingi uliofanywa katika klabu kubwa za Ulaya kwa udhamini wa UEFA ulionyesha kuwa msimu wa 2001/02 jeraha hilo lilikuwa asilimia 12 ya majeraha yote. Msimu wa 2021/22 lilikuwa limefika asilimia 24. Klabu hizo zina kumbi za mazoezi zilizosheheni mashine za kila namna. Basi wingi wa vyuma peke yake haukumkinga mchezaji, na inatupasa kuuliza ni nguvu ya aina gani inayojengwa, katika msuli upi, na kwa utaratibu gani.

Swali hili limetufikia karibu mkoani Kigoma. Tangu Mashujaa ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2023, kijana wa Manyovu, Munanila au Kasulu anaiona kandanda ya kulipwa ikiwa umbali wa safari ya basi, katika Uwanja wa Lake Tanganyika. Hujiandaa kwa alichonacho: magunia ya mchanga, vyuma chakavu, makopo yaliyojazwa saruji. Wapo wanaomwonya kwamba chuma kitamfanya awe mzito. Hofu hiyo haina msingi mkubwa. Mwaka 2004 watafiti wa Norway waliwapima wachezaji wa klabu ya Rosenborg, wakaona kwamba wale waliochuchumaa na kuinuka na uzito mkubwa zaidi ndio waliokimbia kwa kasi na kuruka juu kuliko wenzao. Kasoro ninayoiona mimi kwa vijana wengi ni nyingine: hujenga kifua, mikono na paja la mbele, yaani vile vinavyoonekana kwenye kioo, na kulisahau paja la nyuma.

Tuangalie kazi ya paja hilo. Mtu anapokimbia kwa kasi kamili, mguu ulio hewani hurushwa mbele, na kabla unyayo haujagusa ardhi, misuli ya nyuma hulazimika kuuzuia. Hufanya kazi ya breki huku yenyewe ikivutwa na kurefuka. Hapo ndipo nyuzi zake huchanika. Mtu yeyote aliyeshuka milima ya Buhigwe akiwa na mzigo kichwani ameonja kazi ya jinsi hii, japo katika paja la mbele: kupanda kulimtoa jasho, lakini kushuka ndiko kulikomwachia maumivu ya kesho yake. Msuli unaozuia huku ukirefuka huumia upesi usipozoeshwa. Ukizoeshwa kwa kipimo, huongezeka nguvu na nyuzi zake hurefuka.

Zoezi lililochunguzwa zaidi kwa kusudi hili linaitwa zoezi la Nordiki, nalo halihitaji chuma hata kimoja. Mchezaji hupiga magoti juu ya mkeka, mwenzake akamshika vifundo vya miguu kwa nguvu. Mwili ukiwa umenyooka kutoka magotini hadi mabegani, huinama mbele polepole, akilizuia anguko kwa paja la nyuma mpaka nguvu zimwishie. Hapo huupokea mwili kwa viganja na kujisukuma kurudi juu kwa mikono. Huko Denmark, wachezaji 942 wa timu 50 waligawanywa makundi mawili. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011: waliofanya zoezi hili walipata majeraha mapya na ya kujirudia 15, na wenzao ambao hawakulifanya walipata 52.

Kipimo chao kinafaa kufuatwa. Juma la kwanza ni siku moja tu, mizunguko miwili ya mara tano. Juma la pili ni siku mbili, mizunguko miwili ya mara sita. Kuanzia juma la tatu ni siku tatu, mizunguko mitatu, idadi ikipanda taratibu hadi mara 12, 10 na 8 kuanzia juma la tano hadi la kumi. Baada ya hapo siku moja kwa juma hutosha. Maumivu ya misuli katika majuma ya kwanza ni ya kawaida, ndiyo maana anayeanza na kipimo cha juma la tano huacha siku ya pili. Zoezi lifanywe mwishoni mwa mazoezi, na lisifanywe siku moja kabla ya mechi.

Sasa turudi kwa klabu tajiri. Mwaka 2015 ilichapishwa tathmini ya misimu 150 ya klabu za Ligi ya Mabingwa Ulaya na za ligi kuu ya Norway: ni katika misimu 16 tu ambapo mpango huu ulitekelezwa kikamilifu. Timu ya kijijini yenye mikeka na nidhamu yaweza kuzizidi klabu hizo katika jambo hili.

Wahudumu wa zahanati na vituo vya afya nao wana sehemu yao. Sindano ya diklofenaki hupunguza maumivu lakini haiungi nyuzi zilizochanika. Mchezaji asirudishwe uwanjani siku hiyo hiyo kwa nguvu ya sindano. Arudi atakapoweza kunyoosha mguu kikamilifu bila maumivu, nguvu za miguu yote miwili zikikaribiana, na akiwa amekwisha kukimbia kwa kasi kamili mazoezini. Kijana wa miaka 13 hadi 17 anayesikia mchomo wa ghafla chini ya tako anapopiga mpira apelekwe kupigwa picha ya eksirei, kwa kuwa katika umri huo kipande cha mfupa chaweza kung'oka pamoja na msuli.

Jambo la mwisho hupotea kirahisi katika mkoa wenye malaria nyingi kama wetu. Kijana anayekuja na misuli iliyovimba na mkojo wa rangi ya chai ya rangi, siku moja au mbili baada ya kunyanyua vyuma kupita kiasi, apimwe malaria, lakini aulizwe pia kuhusu mazoezi. Misuli iliyovunjika humwaga katika damu kemikali zinazoweza kuziharibu figo. Kipimo cha kuchovya kitaonyesha damu kwenye mkojo, ilhali darubini haioni chembe nyekundu. Asipewe diklofenaki wala ibuprofeni. Aanzishiwe maji ya chumvi kwa mshipa, kiasi cha mkojo wake kipimwe, na apelekwe siku hiyo hiyo hospitali yenye uwezo wa kupima figo na potasiamu.