Figo, Ini na Maji ya Mwili

Nataka kuwaeleza habari ya viungo viwili, figo na ini, na jinsi maji ya mwili yanavyohama wakati mgonjwa wa figo anaposafishwa damu kwa mashine. Wako wanaohofu kuwa mashine hiyo hukausha ini. Hofu hiyo si jambo dogo. Anayeiamini aweza kumzuia ndugu yake asiende hospitali, na mtu ambaye figo zake zimekufa kabisa, akikosa kusafishwa damu, hana siku nyingi. Basi na tulitazame jambo lenyewe.

MAJI YALIPO

Mtu mzima mwenye uzito wa kilo 60 ana maji kama lita 36. Theluthi mbili, yaani lita 24, zimo ndani ya seli. Lita 12 zilizobaki ziko nje ya seli, na katika hizo lita 3 hivi tu ndizo zilizomo katika mishipa ya damu. Shika sana hesabu hii. Mashine hugusa damu peke yake. Maji mengine yote lazima kwanza yaingie katika damu ndipo yaweze kutolewa.

KAZI ZA FIGO NA INI

Figo nzima huchuja lita 180 hivi kwa siku, zikarudisha karibu zote mwilini, na kutoa mkojo wa lita moja na nusu au mbili. Zikifa, maji na chumvi hubaki mwilini.

Ini hupitisha damu karibu lita moja na nusu kila dakika, na sehemu kubwa ya damu hiyo hutoka matumboni. Ini ndilo linalotengeneza urea, ile takataka ambayo figo huitoa. Tena ndilo linalotengeneza albumini, protini inayoyashika maji yasitoke ovyo katika mishipa.

Damu ikisha kupita katika ini huenda moja kwa moja moyoni. Kwa hiyo maji yakizidi mwilini na moyo ukalemewa, damu hurudi nyuma kama maji ya mtaro ulioziba mbele. Ini ni laini kama sifongo: hujaa, huvimba, na mgonjwa husikia maumivu chini ya mbavu za kulia. Vijishipa vyake vina matundu mapana, basi maji huvuja kwa urahisi, na yakizidi sana hukusanyika katika uwazi wa tumbo.

MASHINE

Daktari Willem Kolff wa Uholanzi alitengeneza mashine yake katika mji wa Kampen, akaanza kuwatibu watu mwaka 1943, wakati wa vita. Alitumia utando mwembamba wa kufungia soseji, akauzungusha katika maji ya chumvi. Urea ilipenya kwenye utando, chembe za damu zikabaki. Mwaka 1945 mama mmoja wa miaka 67 alipona kwa mashine hiyo. Mwaka 1946, huko Lund katika Sweden, Nils Alwall alitumia mashine ambayo iliweza pia kuyatoa maji yaliyozidi kwa nguvu ya msukumo. Mpaka leo mashine zinafanya kazi hizo mbili: kutoa takataka na kutoa maji. Wagonjwa wengi huhitaji kusafishwa mara tatu kwa juma, saa nne kila mara.

INI HUPATA NINI?

Kwanza, faida. Maji yakitolewa katika damu, yaliyo nje ya mishipa huingia kujaza nafasi. Moyo hupata nafuu, mtaro huzibuka, na ini lililovimba kwa ajili hiyo hupungua. Halikauki, linarudi katika kipimo chake.

Pili, hatari ya haraka. Maji yakitolewa upesi kuliko yanavyoingia katika mishipa, nguvu ya damu hushuka. Hapo mwili hubana mishipa ya matumbo na ini, ili moyo na ubongo visikose damu. Hali hiyo ikizidi, ini hukosa hewa safi na seli zake huumia. Aliye na ugonjwa wa ini yu hatarini zaidi, kwa kuwa albumini yake ni kidogo na maji hayarudi upesi katika damu. Kosa basi si la kutoa maji, bali la kuyatoa mbio.

Tatu, mpaka wa mashine. Sumu nyingi ambazo ini huzisafisha zimeshikamana na albumini, nayo haipenyi kwenye utando. Kwa hiyo mashine ya figo haiwezi kushika kazi ya ini.

HESABU YA KIKOMBE

Kipimo ambacho madaktari wengi hujitahidi wasikizidi ni mililita 13 kwa kila kilo kwa saa. Mgonjwa wetu wa kilo 60 atatolewa mililita 780 kwa saa, yaani lita 3 na kidogo kwa saa nne. Akija na lita 5 zilizozidi, zitahitajika karibu saa sita na nusu. Ama ataondoka na maji mengine mwilini, ama ataongezewa muda, ama yatatolewa mbio.

Hapa ndipo sisi wa nyumbani tunapoingia. Desturi yetu ni kumkaribisha mgonjwa kwa uji, chai na mchuzi, na vyote hivyo ni maji. Chumvi nayo huleta kiu. Kumnyima mtu umpendaye kikombe cha pili kunakata maini; lakini apimiwe kama alivyoagizwa na daktari, na siku yake ya mashine isipitwe.

MASWALI

1. Kwa nini maji yaliyomo ndani ya seli hayawezi kutolewa na mashine mara moja?
2. Eleza sababu ya ini kuvimba wakati figo zimekufa.
3. Mgonjwa ana kilo 50 na maji yaliyozidi ni lita 2.6. Kwa kipimo kile kile, zinahitajika saa ngapi?