Kuzuru Mji wa Kisii kwa Kiti cha Magurudumu: Jifunze Kupima Njia Kwanza

Historia ya mji wa Kisii inasomeka barabarani. Wenyeji huuita Getembe. Jina lake jingine, Bosongo, maana yake ni mahali pa wazungu, na linakumbusha kituo cha utawala ambacho Waingereza walijenga hapa mwanzoni mwa karne iliyopita. Mwananchi anaweza kuizuru historia hii mwenyewe, bila kuongozwa na mtu. Lakini kwa anayetumia kiti cha magurudumu, ngazi moja tu inatosha kumrudisha nyumbani. Kwa hivyo ziara huanza kwa kupima njia.

Vituo vitatu vya kusoma historia

Anzia Uwanja wa Gusii. Hapo soma habari za Otenyo, shujaa wa Abagusii aliyemchoma mkuki ofisa wa kikoloni, Northcote, Januari 1908. Aliyemtia moyo ni Moraa Ng'iti, mwanamke aliyejulikana kwa unabii wake.

Pumzika tena katikati ya mji. Tarehe 12 Septemba 1914, majeshi ya Waingereza na Wajerumani yalipigana Kisii, wiki chache tu baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kuanza.

Malizia karibu na lango la Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii. Hospitali hii ilianza mwaka wa 1916, vita hivyo vikiendelea, kama kituo cha kuwatibu wanajeshi. Usizuie magari ya wagonjwa.

Jinsi ya kupima njia

Beba futi ya kupimia, kalamu na daftari. Pita njia hiyo siku moja kabla ya ziara, au mwombe jamaa akupitie.

1. Mwinuko. Kipimo kinachotumika sana ni 1 kwa 12: kila sentimita 1 ya kwenda juu huhitaji sentimita 12 za urefu. Ngazi ya sentimita 15 basi inahitaji mteremko wa sentimita 180. Ubao mfupi uliolazwa mlangoni ni hatari, kwani kiti chaweza kupinduka.

2. Upana. Kiti kimoja kinahitaji angalau sentimita 90 zilizo wazi. Kugeuka kunahitaji sentimita 150, na viti viwili kupishana, sentimita 180.

3. Vizuizi. Andika kila mtaro usio na kifuniko, bodaboda iliyoegeshwa kwenye njia ya miguu na bidhaa zilizopangwa nje ya duka.

4. Hali ya hewa. Mji wetu uko kwenye milima na mvua hunyesha mara nyingi alasiri. Toka asubuhi, kabla njia haijawa tope.

Ukiandamana na mwenye kiti

Muulize kwanza kama anataka kusukumwa. Usishike kiti chake ghafla. Kwenye mteremko mkali, shusheni kiti kinyumenyume, msaidizi akiwa upande wa chini.

Kila mmoja ana sehemu yake

Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali popote, kutumia usafiri wa umma na kupata habari, kwa kiwango kinachofaa. Mfanyabiashara anaweza kutekeleza haki hiyo leo bila kutumia hata shilingi: asogeze bidhaa zake ndani. Mwendeshaji wa bodaboda naye aegeshe pembeni.

Palipoharibika, andika jina la mahali, vipimo na tarehe, kisha upige picha. Barabara za kaunti ziripoti kwa msimamizi wa wadi yako. Barabara kuu inayopita mjini kutoka Isebania kuelekea Ahero iko chini ya Mamlaka ya Barabara Kuu, KeNHA. Hifadhi nakala ya daftari lako na uje nalo kwenye vikao vya kutoa maoni kuhusu bajeti. Ombi lenye vipimo ni rahisi kukadiriwa gharama, na pia ni rahisi kufuatilia mwaka unaofuata.