Jua Haki Zako: Dalali wa Kuhama Hana Lori

Ukiwa Marekani na unataka kuhamisha vyombo vyako kutoka jimbo moja hadi jingine, jaza jina na namba ya simu kwenye tovuti moja tu ya kutafuta bei. Simu itaanza kuita kabla chai haijapoa. Wanaopiga ni wapole, bei zao ni za chini, na kila mmoja anasema "sisi ni kampuni ya kuhamisha". Wengi wao hawana lori hata moja. Ni madalali: wanachukua malipo ya awali, kisha wanaiuza safari yako kwa mwenye gari ambaye hujamwona, na wakati mwingine hata wao hawamjui vizuri.

Udalali huo ni halali, na wapo madalali waaminifu. Matatizo huanza pale dalali anapotaja bei ya kukuvutia akijua hatakuwepo siku ya kupakia, na mwenye lori anapofika akiwa na bei yake. Wewe umesimama katikati, umekwisha kurudisha funguo za nyumba, watoto wamekaa juu ya maboksi. Hapo ndipo watu hutia saini chochote.

Naandika haya nikizifikiria familia zetu. Wengi waliopokewa Marekani kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu au nyingine hawakuchagua mji waliopelekwa kwanza. Baada ya muda wanahama kuwafuata ndugu, kazi ya kiwandani au kodi nafuu. Wakenya na Watanzania huhama pia, kwa sababu zao. Sheria ninayoieleza ni ya serikali kuu, na inahusu safari za kuvuka mpaka wa jimbo. Ukihama kutoka Houston kwenda Dallas, hiyo ni habari ya sheria za Texas na ofisi za Texas. Lakini ukivuka mpaka, msimamizi ni idara ya usalama wa magari ya mizigo inayojulikana kwa herufi FMCSA, iliyo chini ya Wizara ya Uchukuzi. Kanuni zake zinamlinda mwenye mizigo anayelipia safari. Hazimuulizi uraia.

Tuanze na dalali mwenyewe. Lazima awe amesajiliwa FMCSA. Katika matangazo yake lazima aseme wazi kwamba yeye ni dalali na hasafirishi mizigo mwenyewe, aonyeshe mahali ofisi yake ilipo na namba yake ya usajili. Lazima akupe orodha ya wasafirishaji anaowatumia, na hao nao wawe wamesajiliwa. Lazima akueleze mapema utaratibu wake wa kurudisha malipo ya awali ukighairi. Tena haruhusiwi kukutajia bei aliyoibuni kichwani: makadirio yake yawe ya maandishi, yatokane na viwango vya msafirishaji ambaye ana mkataba naye wa maandishi, na yafanyike baada ya vyombo vyako kukaguliwa, ana kwa ana au kwa video. Ukaguzi huo ni haki yako, na unaondoka tu ukiukataa kwa saini. Anayekupa bei kwa kukuuliza "vyumba vingapi?" na hapo hapo anataka namba ya kadi amekwisha kukuonyesha kazi yake.

Kumchunguza hakuchukui muda. Mwombe namba yake ya usajili, iitwayo namba ya USDOT, na uitafute kwenye tovuti ya FMCSA. Utaona kama amesajiliwa kuwa dalali au msafirishaji, na malalamiko aliyowahi kupelekewa. Tazama pia usajili wake ni wa lini, kwa sababu kampuni mbovu zina tabia ya kufunga jina moja na kufungua jingine. Anayejisifu uzoefu wa miaka 20 huku usajili wake ni wa mwaka jana, mwache aendelee kujisifu kwa wengine.

Sasa makadirio, ambayo ndiyo roho ya jambo lenyewe. Kwenye karatasi utaona neno "binding" au "non-binding". La kwanza maana yake bei imefungwa: kwa vyombo na huduma zilizoorodheshwa, ukilipa kiasi kilichoandikwa, mizigo inashushwa. La pili maana yake bei ni ya kukadiria na gharama halisi itajulikana baada ya kupima. Hata hivyo, wengi hawajui kwamba hata hilo la pili lina kikomo. Mlangoni kwako msafirishaji hawezi kudai zaidi ya asilimia 110 ya makadirio ili akushushie mizigo. Makadirio yakiwa dola 3,000, ukitoa dola 3,300 ni lazima ashushe, hata kama hesabu yake imefika dola 5,000. Kinachobaki atakuandikia ankara, na ni lazima akupe siku 30 za kukilipa. Huduma ulizoziongeza mwenyewe baadaye zina hesabu yake pembeni, lakini haziwezi kuigeuza 3,000 kuwa 5,000 kimyakimya.

Matapeli wanaijua kanuni hii vizuri kuliko sisi, na ndiyo maana hawasubiri kufika mlangoni. Vita vyao ni vya siku ya kupakia. Msimamizi wa lori anaingia, anatikisa kichwa, anasema vitu ni vingi kuliko alivyoambiwa, na anakuletea karatasi mpya ya bei. Ukiitia saini, ile asilimia 110 inahesabiwa kutoka bei mpya. Ulinzi wako umeuondoa kwa mkono wako mwenyewe.

Kwa hiyo fahamu unachoweza kufanya pale. Kama kweli umeongeza vitu, msafirishaji ana haki ya kudai makadirio mapya, lakini ni kabla ya kupakia, na wewe una haki ya kuyakataa na kumwambia aondoke. Kama hujaongeza kitu, mwonyeshe orodha ya mwanzo na usimame hapo. Vitu vikishapakiwa, hana ruhusa ya kubadilisha makadirio. Basi usiruhusu hata kochi moja litoke mlangoni kabla ya bei kukubaliwa kwa maandishi, na usitie saini karatasi yenye nafasi tupu. Ni kweli kwamba kumfukuza mwenye lori siku ya kuhama kunaumiza. Kulala chini usiku mbili kwa jirani kunaumiza kidogo kuliko kudaiwa maelfu huku vyombo vyako viko ghalani katika jimbo usilolijua.

Angalia na gari lenyewe. Lori la kukodi lisilo na jina la kampuni, jina tofauti na lililo kwenye mkataba, au mtu anayehesabu kwa futi za ujazo badala ya uzito, yote hayo ni ya kukushtua. Uzito una mizani na tiketi ya mizani. Una haki ya kushuhudia gari likipimwa, na ya kutaka lipimwe tena kabla ya kushusha. Futi za ujazo unazipima na nani?

Mali bila daftari huisha bila habari. Piga picha kila chombo kabla hakijafungwa, chukua nakala ya hati ya usafirishaji na orodha ya vitu, na mambo ya simu yamalizie kwa ujumbe: "Kama tulivyozungumza leo, bei ni hii." Katika nyumba nyingi za wenzetu, anayezungumza na dalali ni mtoto wa sekondari kwa sababu Kiingereza chake ndicho kizuri. Si aibu, lakini ujumbe na mkataba viwe kwa jina na barua pepe ya mzazi, na mtoto asiachwe peke yake na kalamu mbele ya mtu mwenye haraka.

Malipo ya awali lipa kwa kadi ya mkopo ukiweza. Usipopata huduma mliyokubaliana, sheria inakupa siku 60 tangu kutumiwa taarifa ya kadi inayoonyesha malipo hayo, uyapinge kwa maandishi kwa benki. Pesa uliyotuma kwa Zelle au Cash App kwa kawaida huwezi kuirudisha.

Ikitokea mizigo imefika na wanakataa kushusha, toa kile kikomo cha kisheria kwa njia ya malipo iliyotajwa katika mkataba, mbele ya shahidi, na utume ujumbe kusema umekitoa. Wakikataa, hilo ni kosa lenye jina lake: kushikilia mizigo mateka. Sheria ya serikali kuu inaliwekea faini isiyopungua dola 10,000, kila siku ikihesabiwa kosa jipya, na kifungo kinaweza kufika miaka 2. Polisi wa mji mara nyingi watasema ni ugomvi wa mkataba. Waombe hata hivyo waandike taarifa. Piga FMCSA 1-888-368-7238 au ujaze malalamiko kwenye mtandao wao, na mwandikie mwanasheria mkuu wa jimbo lako. Mwambie msafirishaji kwamba umefanya hivyo. Dalali naye anapaswa kuwa na dhamana ya dola 75,000, na aliyevunjiwa mkataba anaweza kuidai kwa kampuni iliyoitoa. Ila usiihesabu kama fedha iliyo mfukoni, maana wadai wa dalali mbovu huwa wengi.

Hili la dhamana linanikumbusha ndugu zetu wa makundi ya WhatsApp, yule "atakutafutia lori" kwa kamisheni. Akipanga usafiri wa vyombo vya nyumbani kuvuka jimbo kwa malipo, naye ni dalali mbele ya sheria, hata kama mnasali kanisa moja. Muulize namba yake ya usajili bila kuona haya.

Kuhusu vitu kupotea au kuvunjika, anayewajibika kwa kawaida ni msafirishaji, kwa sheria ya Carmack ya mwaka 1906. Usipoteze miezi kumfukuza dalali kwa sahani zilizopasuka. Kima unacholipwa kinategemea ulichosaini. Kinga ya kawaida ni ya thamani kamili: kutengeneza, kubadilisha au kulipa thamani ya kitu. Ukisaini kuikataa ili upunguziwe bei, unabaki na senti 60 kwa kila pauni ya uzito. Cherehani ya mama yenye pauni 30, inayolisha nyumba kwa kushona vitenge, italipwa dola 18.

Dai la upotevu liandikwe kwa msafirishaji ndani ya miezi 9 tangu kupokea mizigo. Anatakiwa akiri kulipokea ndani ya siku 30, na ndani ya siku 120 alipe, atoe kiasi anachokubali au alikatae. Dai lisilozidi dola 10,000 ukilipeleka kwenye usuluhishi, ambao kila msafirishaji lazima awe nao, hawezi kuukwepa. Akilikataa dai kwa maandishi, una miaka 2 ya kwenda mahakamani, na bahasha ya barua hiyo ihifadhi pamoja na barua yenyewe, kwa sababu ya muhuri wa tarehe.