Dhambi za Watu Wasiokuwa Ukumbini

Makomredi, muhula huu nilipewa zamu ya kuongoza somo la Biblia la Jumatano, na mada ilikuwa ujasiri wa kuhubiri. Nikajiambia hii ni rahisi. Kila mtu siku hizi analalamika kwamba mahubiri yamelegea: ni baraka, gari, visa na mchumba tu. Nilipanga kusema hayo hayo, watu waitikie "Amina", twende tukale. Kisha nikasoma 1 Wafalme 22, mpango wote ukaharibika.

Andiko lenyewe

Mfalme Ahabu wa Israeli anataka kuuchukua mji wa Ramothi-Gileadi kutoka mikononi mwa Washami. Anamwalika Yehoshafati, mfalme wa Yuda, waende vitani pamoja. Yehoshafati anataka kwanza wamuulize Bwana. Ahabu anawakusanya manabii wapatao 400, na wote wanasema neno moja: nenda, utashinda. Amebaki mmoja, Mikaya mwana wa Imla, lakini Ahabu anakiri kwamba anamchukia kwa sababu hamtabirii mema.

Mjumbe aliyetumwa kumwita Mikaya anamshauri, kwa nia nzuri tu, aseme kama wenzake. Mkataa wengi si ni mchawi? Mikaya anakataa. Mwishowe anamweleza mfalme kwamba Israeli watatawanyika kama kondoo waliokosa mchungaji. Anapigwa kofi, anatupwa gerezani. Ahabu anaenda vitani akiwa amejigeuza asitambulike, mshale uliorushwa kwa kubahatisha unampata, anakufa.

Hapo ndipo nilipokwama. Siku zote nilidhani wale 400 walikuwa waoga walionyamaza. Kumbe hawakunyamaza hata kidogo! Mmoja wao, Sedekia, alijitengenezea hadi pembe za chuma kuonyesha jinsi Washami watakavyosukumwa. Hayo ni mahubiri makali: yana sauti, yana vifaa, yana adui. Kasoro yake ni kwamba adui mwenyewe hakuwepo pale. Mikaya naye alisema na mtu aliyekuwa ameketi mbele yake, tena katika kiti cha enzi.

Basi ujasiri wa mimbari haupimwi kwa ukali wa sauti. Tuulize maneno yanamgusa nani, na kama huyo mtu yumo ndani ya nyumba.

Historia yetu wenyewe

Mwaka 1988 Wakenya walichagua wagombea wa KANU kwa kura ya mlolongo: unapanga foleni nyuma ya mgombea wako mchana kweupe, kila mtu anakuona. Askofu David Gitari wa Kanisa la Kianglikana, aliyehudumu Kirinyaga, aliupinga mtindo huo hadharani. Kawaida yake ilikuwa kuchukua kifungu, kwa mfano kutoka kitabu cha Danieli, na kukifafanua mpaka msikilizaji ajione ndani yake. Mwaka 1989 wavamizi walimjia nyumbani usiku. Aliponea juu ya paa, akipiga mayowe hadi majirani wakafika.

Eldoret alikuwepo Askofu Alexander Muge. Waziri wa Kazi, Peter Okondo, alimwonya yeye na Askofu Henry Okullu kwamba wakikanyaga Busia huenda wasitoke hai. Muge alienda. Tarehe 14 Agosti 1990, akirudi kutoka huko, alikufa katika ajali ya barabarani. Waziri akajiuzulu.

Katika miaka hiyo ya themanini, watu walikamatwa, wakiwemo wahadhiri na wanafunzi wa vyuo, kwa madai ya kuwa katika kundi la siri la Mwakenya. Leo ukitaja mwakenya chuoni, kila mtu anaelewa ni kikaratasi cha kuibia mtihani. Neno lililowapeleka wenzetu gerezani sasa linafichwa ndani ya soksi.

Na sisi je?

Sisemi makanisa yote yamenyamaza. Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilikataa mchango ambao Rais William Ruto alikuwa ametoa katika kanisa la Soweto. Lakini mahubiri mengi ninayoyasikia hukemea mbali: wabunge, Ulaya, kizazi kilichopotea. Mengi ni kweli. Ila msikilizaji anatoka safi kama alivyoingia.

Tuje ukumbini mwetu. Wengi wetu tunaishi kwa kuwaandikia insha wanafunzi wa Marekani na Uingereza, nao wanaziwasilisha kama zao. Nimeifanya kazi hiyo miaka miwili. Ililipa kodi ya chumba changu, na fungu la kumi nililitoa humo humo. Nami nasomea ualimu! Kesho nitasimama darasani nimwambie mtoto wa watu kwamba kuiba mtihani ni dhambi.

Jumatano ile nilianza na wabunge, na "Amina" zikaja. Kisha nikaitaja kazi ya insha, nikianza na mimi mwenyewe. Ukumbi ukawa kimya. Baadaye rafiki yangu akanivuta kando nje: "Sasa kodi utalipa na nini?" Ni swali la haki, na sina jibu lililokamilika. Akaunti nimeifunga, na sasa tunaishi wanne katika chumba cha wawili.

Swali hilo limenifundisha jambo ambalo sikuwa nimeliandaa. Ujasiri si kumwaibisha mtu mbele za watu. Nathani alipomwendea Daudi, alianza na kisa cha maskini na mwanakondoo wake. Na kanisa linalotaja dhambi inayolipa kodi halina budi kuuliza pia kodi italipwaje. Likikemea tu, litakuwa limefanya nusu ya kazi.

Maswali ya kujadili

1. Mjumbe wa 1 Wafalme 22 hakuwa adui wa Mikaya. Ni nani hutupa ushauri kama wake leo, na kwa nini tunaupenda?
2. Taja dhambi moja ambayo haijawahi kutajwa katika ushirika wenu. Nani angeumia ikitajwa, na nani angepoteza pesa?
3. Mwenzako akiacha pato lisilo halali wiki hii, ushirika wenu utamsaidia vipi kufika mwisho wa mwezi?