Meli Ina Paa
Kijitabu kwa wanaozamia kwenye mabaki ya meli, pwani ya Kenya na Tanzania

Mwambani, mzamiaji akipatwa na shida huinua uso akauona mwanga, na njia ya kwenda juu iko wazi. Ndani ya meli iliyozama, juu kuna chuma. Kwa hiyo anayejua kuzamia mwambani hajajua bado kuzamia melini, hata awe na vyeti vingi kiasi gani.

Tunazungumza na wenye mtungi wa hewa mgongoni: wageni, wanafunzi wa uzamiaji, vijana wanaowaongoza, na nahodha anayewangoja juu.

Meli zenyewe

Nje ya mwamba, kaskazini mwa Mombasa, imekaa MV Dania. Ilikuwa meli ya kusafirisha mifugo, ikazamishwa kwa makusudi mwaka 2002. Iko kwenye mchanga, kina cha mita 30 hivi, na chewa na kolekole wameihamia. Karibu na mji wa Zanzibar iko Great Northern, meli ya Waingereza ya kutandaza nyaya za telegrafu, iliyopotea mwambani mwaka 1902. Hiyo iko kwenye mita 12 tu, na kwa maoni yetu ndiko anakostahili kuanzia mgeni wa mabaki ya meli. Wengi hutaka Dania kwanza kwa sababu ni kubwa na picha zake zinapendeza. Tunawasihi wasubiri.

Si kila meli ni ya kutembelewa. Kwa watu wa Unguja na Pemba, maneno "meli iliyozama" yana msiba ndani yake tangu Septemba 10, 2011, ilipozama feri MV Spice Islander. Anayekwenda kujifurahisha baharini akumbuke anazungumza mbele ya nani.

Hesabu ya hewa

Kila mita 10 za maji huongeza mgandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu ya bahari. Kwenye mita 30 mgandamizo ni mara nne ya ule wa ufukweni, na kila pumzi hutoa mtungini hewa mara nne. Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi bar 200 una lita 2,400. Mtu anayevuta lita 20 kwa dakika angekaa nao nchi kavu saa mbili. Kwenye sitaha ya chini ya Dania, nusu saa umekwisha. Mtu mwenye hofu huvuta maradufu, na hapo nusu saa inabaki robo.

Kwa hiyo anayeingia mahali penye paa hugawa hewa yake mafungu matatu: moja la kwenda, moja la kurudi, moja haliguswi. Kwa bar 200, geji ikipungua kwa 65 unageuka, hata kama chumba kinachofuata ndicho ulichokijia.

Muda nao una mpaka wake. Kwa majedwali ya kawaida ya uzamiaji wa burudani, kwenye mita 30 una dakika 20. Na katika kina hicho naitrojeni huanza kulevya: mtu hucheka bila sababu, au huitazama geji asielewe inasema nini. Panda naye mita chache, akili hurudi.

Mlangoni

Kuitazama meli kwa nje hakuhitaji ushujaa, na uzuri wake mwingi uko huko huko. Kuingia ni kazi nyingine yenye mafunzo yake. Ndani kuna tope laini lililotua kwa miaka. Teke moja la pezi linatosha kulitimua, na aliyeona mlango sasa haoni hata mkono wake. Mapovu ya pumzi nayo hugonga dari na kuangusha kutu. Anayeingia hufunga kamba nje, akaifungua kadiri anavyokwenda, na hubeba tochi zaidi ya moja. Chuma kinaendelea kuoza, kwa hiyo njia iliyopitika mwaka jana si lazima ipitike leo. Beba kisu pia, kwa kuwa nyavu na mishipi iliyokwama kwenye meli hizi haionekani hadi ikushike.

Chagua siku kwa kufuata maji. Wakati wa bamvua mkondo una nguvu, maji mafu ni afadhali, na msimu wa kaskazi bahari huwa safi zaidi kuliko kusi. Nahodha wa hapo anajua kuliko kijitabu hiki. Akisema leo hapana, ni hapana.

Kupanda, na gari moshi la Nairobi

Panda polepole, usizidi mita 9 kwa dakika, na kaa dakika tatu kwenye mita 5. Usizuie pumzi kamwe, maana hewa ya mapafuni hutanuka unapopanda, na kutoka mita 10 hadi juu hufika mara mbili. Naitrojeni iliyoingia mwilini hutaka muda wa kutoka. Ukiinyima muda hufanya mapovu kwenye viungo na uti wa mgongo.

Wazamiaji wa majongoo bahari wanayajua haya kwa gharama kubwa, na wapo waliopooza. Dalili ni maumivu ya viungo, ganzi, miguu kulegea, kushindwa kukojoa, na zinaweza kuja saa kadhaa baadaye. Kumkanda mgonjwa kwa mafuta ya nazi hakuondoi mapovu, na kumrudisha majini ni hatari. Mlaze, mpe oksijeni safi, mfikishe haraka kwenye tiba ya chumba cha mgandamizo.

Wanaorudi bara wasikilize. Baada ya mzamio mmoja subiri angalau saa 12 kabla ya kupanda ndege, na 18 ukiwa umezamia zaidi. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na mwili haujui kama umepandishwa na ndege, basi au treni ya SGR. Kuzamia Jumapili asubuhi na kushika treni ya mchana ni kosa lile lile.

Ukikuta kitu

Mwaka 1697 manowari ya Wareno Santo António de Tanná ilizama chini ya Fort Jesus, Mombasa, wakati Waomani wameizingira ngome. Wataalamu walianza kuichimba mwaka 1977. Vitu vyake vingi viko kwenye jumba la makumbusho ngomeni, lakini mbao za meli ziliachwa chini ya bahari, kwa sababu mbao zilizokaa majini karne nyingi hujikunja zikikauka, na chuma kilichojaa chumvi hupasuka na kumomonyoka. Kigae kilichobebwa nyumbani kimepoteza mahali kilipotoka, na sheria za mambo ya kale za Kenya na Tanzania haziruhusu kukichukua.

Ukikuta mzinga, gudulia au mbao zilizopangwa, usiguse. Piga picha, soma kina, mwambie nahodha atie alama mahali penyewe, kisha peleka habari Fort Jesus, au kwa idara ya mambo ya kale ukiwa Tanzania.