Dawa Ingojayo Joto

Shangazi yangu alipotibiwa saratani ya titi, nywele zilimtoka zote, na chakula hakikukaa tumboni. Nilimwuliza mwalimu wetu wa fizikia, "Mwalimu, ugonjwa uko kifuani, dawa yatafuta nini kichwani?" Akanijibu ya kuwa dawa ile ikiingia katika damu hufika kila ifikapo damu, nayo huua seli zote zinazogawanyika upesi, za ugonjwa na za nywele vilevile. Tangu siku hiyo nimesoma jinsi wataalamu wanavyojaribu kuifunga dawa mpaka ifike mahali pake.

Kwanza, sumaku. Chukua sumaku ya redio mbovu, uiburure katika mchanga wa mtoni. Mara nyingi utaona punje nyeusi zimeing'ang'ania. Punje hizo huwa na magnetiti, yaani chuma kilichoungana na oksijeni. Wataalamu hutengeneza punje za magnetiti zenye upana wa nanomita 10 tu. Nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Chembe nyekundu ya damu ni pana kuliko punje hiyo mara 700 hivi. Udogo huo una faida: sumaku ya nje ikiondolewa, punje nazo huacha kuvutana, hivyo si rahisi zishikamane na kuziba mishipa. Mwaka 1996 madaktari wa Ujerumani walitangaza habari za wagonjwa 14 waliotiwa dawa ya saratani iliyofungwa kwenye punje kama hizo, na sumaku ikawekwa karibu na uvimbe. Lakini nguvu ya sumaku hupungua upesi kwa umbali. Uvimbe ulio ndani sana ni vigumu kuufikia.

Pili, joto. Samli huganda asubuhi ya baridi, nayo ikikaribishwa motoni huyeyuka. Yako mafuta ambayo hulegea penye digrii 41 hivi, na mwili wetu una digrii 37. Basi ukifanya kifuko kidogo cha mafuta hayo na kutia dawa ndani, kitakaa kimefungika katika damu. Kikifika mahali palipotiwa joto, ukuta hulegea na dawa huvuja. Wazo hili lilitangazwa huko Marekani mwaka 1978.

Sasa unganisha mambo hayo mawili. Koili ya umeme ikigeuza nguvu ya sumaku huku na huku mara laki moja au zaidi kwa sekunde, punje za magnetiti hupata joto. Mwaka 1957 madaktari wa Chicago walitumia punje za chuma kilichoungana na oksijeni kutia joto tezi za mbwa. Kwa hiyo punje zikikaa pamoja na dawa katika kifuko kimoja, daktari aweza kukifungua kutoka nje, pasipo kisu.

Lakini tusidhani ya kuwa kazi imekwisha. Mwaka 2013 ilitangazwa ya kuwa jaribio kubwa la vifuko vya joto, kwa wagonjwa 701 wa saratani ya ini, halikufikia shabaha yake. Kuweza jambo katika chupa si kuliweza katika mwili wa mtu.

Nywele za shangazi zimeota tena. Nilipomweleza habari hizi aliniuliza, "Dawa hiyo tutaipata lini?" Nikamwambia, bado. Akasema, "Basi soma, mwanangu."