Darasa la Maji: Maadui Wawili Wasioonekana

Ndugu msomaji, katika darasa letu la leo twataka kusema juu ya kitu ambacho hakuna nyumba isiyokuwa nacho, nacho ni maji. Hatutasema juu ya maji ya udhu, kwani hayo wanavyuoni wetu wamekwisha kuyafafanua. Twataka kusema juu ya maji ya kunywa na ya kupikia, na juu ya maadui wawili wanaojificha ndani yake. Adui wa kwanza ni kiumbe hai, mdogo kupita kiasi, aitwaye bakteria. Adui wa pili hana uhai. Ni kemikali iliyoyeyuka katika maji kama chumvi iyeyukavyo katika mchuzi. Wote wawili hawaonekani kwa macho, na wote wawili huingia mwilini kwa mlango mmoja, lakini dawa ya huyu siyo dawa ya yule. Asiyejua tofauti yao huweza kujiona amejikinga, ilhali hakujikinga.

Mfano wetu tutauchukua Karen. Karen ni kitongoji cha magharibi ya mji wa Nairobi, karibu na vilima vya Ngong. Ni mahali pa nyumba kubwa, bustani pana na watu wenye nafasi. Tumepachagua hapo kwa makusudi. Lau tungalitoa mfano wa mtaa wa mabanda, pengine msomaji angalisema, "Hayo ni maradhi ya masikini." La! Tutazame yaliyotokea mahali ambapo watu hawakupungukiwa na mali.

Mnamo mwezi wa Mei 2017 watu waliohudhuria arusi huko Karen waliugua kipindupindu, ugonjwa ambao wazee wetu waliuita waba. Watu walikwenda kufurahi na kula, wakarudi na maradhi. Hata mwezi wa Juni mwaka huo huo, makumi ya watu waliokutana katika mkutano mmoja mjini Nairobi, nao ulikuwa mkutano wa mambo ya afya, wakapatwa na ugonjwa ule ule. Mwezi wa Julai ukazuka katika maonyesho ya biashara katikati ya mji, na mawaziri wawili wa serikali wakalazwa hospitali. Basi zingatieni: waliohudhuria arusi, wataalamu wa afya na mawaziri. Bakteria hamwulizi mtu cheo chake, wala haogopi ukuta wa nyumba yake.

Bakteria wa kipindupindu huonekana kwa darubini kama mkato mdogo uliopindika. Hutoka katika choo cha mgonjwa, akaingia katika maji au chakula, kisha katika kinywa cha mtu mwingine. Akifika katika utumbo hutoa sumu yake, na sumu hiyo huufanya utumbo umwage maji ya mwili badala ya kuyapokea. Mgonjwa huharisha maji meupe kama maji ya mchele, akatapika, macho yakadidimia, ngozi ikakunjamana. Naye asipotibiwa, huweza kufa kwa muda wa saa chache tu. Linalotisha zaidi ni kwamba watu wengi waingiwao na bakteria huyu hawaugui hata kidogo, au huugua kidogo tu, nao huku wakimtoa katika choo chao kwa siku kadhaa. Mpishi aweza kuwa mzima wa afya, mwenye nguvu na mcheshi, na maradhi yakawa katika vidole vyake.

Wala ugonjwa huu si mgeni kwetu watu wa Pwani. Tabibu James Christie, aliyekaa Unguja, aliandika kitabu kilichotoka mwaka 1876, akaeleza namna waba ulivyotoka bara pamoja na misafara na kuangukia Pwani na Unguja katika mwaka 1869 na 1870, ukaua watu kwa maelfu. Katika zama hizo watu walidhani kwamba maradhi yaletwa na hewa mbaya au na pepo, na katika miji yetu wako waliozungusha ng'ombe mtaani ili balaa iondoke. Tusiwacheke, kwani hata madaktari wa Ulaya wengi wao walidhani ni hewa mbaya. Mwaka 1854 mjini London daktari John Snow aliona kwamba wafao walikuwa wakiteka maji katika pampu moja, akataka mpini wa pampu ile uondolewe. Mnamo 1883 na 1884 Robert Koch, Mjerumani, alimchunguza bakteria mwenyewe huko Misri na Bara Hindi. Tangu hapo haujabaki udhuru wa kusema hatujui.

Sasa natumtazame adui wa pili, naye pia tutamkuta Karen.

Nyumba nyingi za upande ule hazitegemei mfereji wa mji peke yake, bali hutumia maji ya visima virefu vilivyochimbwa kwa mashine. Maji hayo hutoka chini sana, hupendeza macho, na hayana harufu. Lakini ardhi ya Nairobi na ya Bonde la Ufa imejengwa na mawe ya volkano, na vilima vya Ngong vyenyewe ni mabaki ya volkano ya kale. Mawe hayo yana madini yenye floraidi. Maji yakikaa chini humo miaka na miaka huiyeyusha kidogo kidogo, yakapanda nayo juu. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 za floraidi katika lita moja ya maji ya kunywa. Na visima vingi vya Nairobi na pembezoni mwake vimepimwa vikaonekana vimepita kikomo hicho. Si vyote vilivyo sawa. Hata visima viwili vilivyo jirani huweza kutofautiana. Kwa hiyo kipimo cha kisima cha jirani si kipimo cha kisima chako.

Floraidi si sumu kwa kila hali. Ikiwa kidogo, huyatia meno nguvu yasioze, na ndiyo maana hutiwa katika dawa za kupigia mswaki. Ikizidi, hugeuka adui. Mtoto anapokunywa maji yenye floraidi nyingi katika miaka yake minane ya kwanza, wakati meno yake ya ukubwani yangali yakijengwa ndani ya ufizi, meno hayo huota na madoa meupe, au ya manjano, au ya kahawia, na mengine hubanduka. Mtu mzima ambaye meno yake yamekwisha kuota hapatwi na madoa hayo. Lakini mwenye kunywa maji ya floraidi nyingi sana kwa miaka mingi huweza kupatwa na maumivu ya mifupa na viungo, na hatimaye mgongo ukakakamaa. Katika nchi ya Tanzania, upande wa Arusha na Meru, liko jambo hili tangu zamani, na watoto wengine wamepindika miguu.

Hapa pana neno la adabu. Ni mara ngapi tumemsikia mtu akimcheka kijana wa bara kwa meno yake, akisema huyu ni mchafu, hapigi mswaki, au huyu ni mvutaji wa tumbako? Posa nyingine zimekataliwa kwa sababu hiyo. Kumbe kijana yule hana kosa lolote; alikunywa maji ya kwao alipokuwa mtoto, na mswaki wa dunia nzima hauwezi kuyafuta madoa yaliyoumbika pamoja na jino. Na afahamu mwenye kucheka kwamba amecheka jambo asilolijua.

Tumefika katika kiini cha darasa letu. Mama mwenye busara husema, "Mimi nachemsha maji yangu, basi sina hofu." Kwa adui wa kwanza amesema kweli. Bakteria ni kiumbe hai, na moto humwua. Maji yakitokota sawasawa hata kwa dakika moja, bakteria wa kipindupindu amekwisha. Klorini nayo humwua, ikitiwa kwa kiasi kilichoandikwa katika chupa yake na maji yakaachwa nusu saa. Bali floraidi haina uhai hata ife. Moto hauiondoi, klorini haiiondoi, kitambaa cha kuchujia hakiizuii. Tena maji yakichemshwa sana, mvuke huondoka na floraidi hubaki, yakawa maji machache yenye floraidi ile ile. Kwa hiyo huzidi kuwa kali.

Je, ifanyweje? Kwanza, maji ya kisima yapelekwe yakapimwe, kwani hapana njia nyingine ya kujua. Pili, yakionekana yamepita kikomo, yasinywewe na watoto wala yasipikiwe uji wao, ingawa kufulia na kuogea hakuna neno. Maji ya mvua yaliyotekwa katika paa safi karibu hayana floraidi, nayo yaweza kunywewa baada ya kuchemshwa. Maziwa ya mama pia yana floraidi kidogo mno, nayo ni kinga kwa mtoto mchanga. Tatu, viko vichujio maalumu: vya utando mwembamba sana vinavyosukumiwa maji kwa nguvu, na vya makaa ya mifupa ya ng'ombe, vilivyotumika Nakuru na Arusha. Juu ya hivi vya mifupa Mwislamu huenda akauliza, mifupa ya nini? Ni swali la haki, kwani mfupa wa mzoga ni najisi kwa Mashafii, na Mahanafi wana kauli nyingine. Njia nyepesi ni kumwuliza muuzaji, na kuchagua iliyotokana na mnyama aliyechinjwa.

Wako watakaotwambia, "Maji haya ni tohara, hayakubadilika rangi, wala tamu, wala harufu, mwataka nini zaidi?" Twajibu kwamba hukumu ile ya maji yaliyofika qullatain ni haki, nasi hatuibadilishi, lakini ni hukumu ya tohara, haikusema kwamba kila kilicho tohara hakidhuru mwili. Maji ya bahari ni tohara bila ya shaka, na watu hutawadha kwayo, lakini hatujamwona mtu akiyanywa kwa kiu. Basi kutawadhia ni mlango mmoja, na kunywa ni mlango mwingine. Mwenye kuchanganya milango hiyo hakuiheshimu sharia, bali ameitwisha mzigo usiokuwa wake.

Na sisi wa Pwani, tusidhani kwamba haya ni ya Karen peke yake. Katika miji yetu nyumba zimebanana, na kisima na shimo la choo ni majirani. Maji ya choo hupenya katika ardhi ya matumbawe na mchanga upesi, yakaleta kisimani maadui wote wawili: bakteria, pamoja na kemikali iitwayo naitreti, ambayo ikizidi humdhuru mtoto mchanga, damu yake ikashindwa kuchukua hewa hata akageuka rangi ya samawati. Hiyo nayo haiondoki kwa moto. Kwa hiyo maziwa ya unga ya mtoto mchanga yasichanganywe kwa maji ya kisima kilicho karibu na choo, hata yakichemshwa.

Tena tazameni walima zetu. Watu mia tatu huketi mkekani, sinia likawekwa, pilau ikaliwa kwa mikono. Hilo si kosa, ni baraka na udugu. Kosa ni pale bakuli moja la maji linapopitishwa, kila mtu akachovya vidole katika maji aliyochovya mwenziwe; hapo hatuoshi mikono, bali twagawana uchafu. Desturi ya wazee ya kumiminiwa maji kwa birika ndiyo iliyo bora. Irudishwe, pamoja na sabuni. Wapishi wanawe kila watokapo chooni, na mwenye kuharisha asikaribie chungu. Pilau ya moto haina hofu kubwa. Hofu iko katika kachumbari iliyooshwa kwa maji ya kisima, katika sharubati, na katika barafu. Wengi hudhani kwamba baridi huwaua bakteria, nayo siyo kweli. Baridi huwalaza tu.

Na ikiwa maradhi yamekwisha kuingia nyumbani, lisingojwe lolote. Mgonjwa apelekwe hospitali mara moja, na njiani anyweshwe maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji salama, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Anyweshwe kidogo kidogo hata kama anatapika. Kwa matibabu ya upesi, katika wagonjwa mia hafi hata mmoja. Wakiachwa bila ya matibabu, nusu ya waliozidiwa huweza kupotea. Tofauti hiyo kubwa yote ni maji yaliyorudishwa mwilini kwa wakati wake. Wala asimezeshwe vidonge vilivyonunuliwa dukani bila ya kauli ya daktari, kwani dawa itumiwayo ovyo huwafundisha bakteria kuishinda.

Ndugu zetu, kwa ufupi wa maneno: maji kuwa meupe si ushahidi wa usalama wake. Alaye uhai katika maji, tumwue kwa moto au klorini. Asiye na uhai, tumjue kwa kupima na tumwepuke kwa kubadilisha maji au kwa kichujio chake. Kuulinda mwili ni kulinda amana. Kila mmoja wenu na aanze leo nyumbani kwake, kwa kuutazama umbali ulioko baina ya kisima chake na choo chake. Na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kuwafikisha.